Siku tuliyokatazwa kuburuta matawi kwenye mteremko wa bwawa

Wakuu, hamjambo nyote, wa Kisumu na wa mbali.

Mimi hapa huwa nasoma tu na kuondoka. Lakini juzi kuna kijana aliweka picha akiwa na baiskeli yake nyembamba kwenye vilima vya nyuma ya Mamboleo, na mwingine akamjibu eti wazee wa zamani walivunjika miguu pale kwa ujinga, kuendesha baiskeli bila breki.

Hiyo imeniuma. Mguu mmoja uliovunjika pale naujua, na mwenye mguu namjua. Leo nasimulia vile ilikuwa, na pale nilipokosea mimi nitasema nilikosea.

Ilikuwa miaka ya sabini, mwanzo mwanzo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeishia darasa la saba, nakanda unga kwenye bekari mjini. Rafiki yangu Ouko alikuwa fundi wa nguo pale Nyamasaria, anakanyaga cherehani kutwa.

Jumapili tukitoka kanisani tunachukua zile baiskeli nyeusi nzito, black mamba, tunapanda vilima mpaka kwenye bwawa.

Hatujatumwa na mtu. Hatubebi kitu. Tunapanda tu.

Watu walituona wazimu. Mama mmoja alikuwa anatusimamisha kila wiki.

"Leo mnaenda matanga ya nani?"

"Hakuna matanga, Mama. Tunatembea tu."

"Kupanda mlima wote huo, halafu mnarudi mikono mitupu? Haki hawa watoto waombewe."

Lakini wakuu, ile njia! Hakuna gari. Mbuzi, mawe, upepo, basi. Ukifika juu unakuta bwawa limetulia, na ukigeuka nyuma unaliona ziwa lote kule chini linang'aa kama bati jipya. Ouko alikuwa amechora ramani kwenye karatasi ya kukatia nguo, tuzunguke hilo ziwa lote, Uganda mpaka Tanzania. Tulikuwa tunabishana tu nani atabeba sufuria.

Sasa sikilizeni habari ya breki.

Breki za black mamba zilikuwa za barabara tambarare. Kwenye mteremko ule, raba zinashika moto, halafu hakuna kitu. Kila mtu aliyetumia njia ile alijua dawa yake: huko juu unakata tawi kubwa lenye majani, unalifunga nyuma ya keria kwa blada, ule mpira wa ndani wa gurudumu, unashuka ukiliburuta. Linakushika kama mtu anayekuvuta shati. Mwalimu wa katekisimu alishuka hivyo. Mwenye kuuza samaki alishuka hivyo. Huo ndio ulikuwa ujinga wetu.

Chini ya mteremko aliishi nyanya mmoja, Dani Turfosa. Miguu yake haikuweza tena kupanda kutafuta kuni, kwa hivyo matawi yote yaliachwa kwake. Sisi alitupa nyoyo, ile mahindi na maharagwe, ya moto, na matusi kidogo kama tawi lilikuwa dogo.

"Hii umeniletea mswaki?" anamuuliza Ouko.

Basi, mwaka huo tukaambiwa waziri anakuja kufungua bwawa. Bwawa lilikuwa pale siku zote, ng'ombe wanakunywa, lakini eti halijafunguliwa. Greda ikaja, ikalainisha njia, ikamwaga murram nyekundu. Ikawa nzuri kama keki.

Halafu naibu chifu akatoa amri: hakuna kuburuta matawi mpaka waziri apite. Yanakwaruza barabara.

Mnaelewa hapo? Barabara isikwaruzwe. Mtu akikwaruzwa, shauri yake.

Jumapili hiyo tukafika juu, tukamkuta askari kanga, wale askari wa chifu, amesimama kando ya rundo la matawi aliyonyang'anya watu. Tukasema sawa afande, tutashuka tukisukuma. Nusu saa ya kutembea, si neno.

Askari akaangalia saa yake. Akamwambia Ouko, "Wewe, nibebe. Nina mkutano na naibu chifu huko chini."

"Afande, bila tawi hii kitu haisimami."

"Si uko na breki?"

"Ya tambarare, afande. Na sisi ni wawili juu yake."

"Unabishana na serikali?"

Alikuwa na rungu. Ouko alikuwa na kilo hamsini, pamoja na viatu. Akaniangalia, akacheka kidogo vile alikuwa anacheka akiwa na wasiwasi, akapanda. Askari akakaa kwenye keria, miguu huku na huku, kama anaenda harusi.

Mimi nilibaki nasukuma yangu. Niliwaona wakipita kona ya kwanza. Ya pili, ile ya chini karibu na kwa Dani, sikuwaona, nilisikia tu Ouko akiniita "Omera! Omera!", yaani ndugu yangu, halafu kimya.

Nilipofika, Ouko alikuwa kwenye mtaro, mguu wa kulia umekunjwa mahali ambapo mguu haukunjwi. Baiskeli ilikuwa mbali. Askari hayupo.

Hayupo kabisa! Ameamka, amejipangusa, ameenda mkutanoni.

Kesho yake karani wa naibu chifu akaja bekari na karatasi ya Kizungu. Akasema, "Weka sahihi hapa, ni ya hospitali, mwenzako atibiwe haraka."

Wakuu, nilitia sahihi. Kizungu changu kilikuwa cha "good morning teacher". Niliona aibu kusema sielewi, na nilitaka Ouko atibiwe. Nikaandika jina langu lote, kwa mwandiko mzuri, na mstari chini yake.

Wiki tatu baadaye tukaitwa baraza. Ouko aliletwa kwa mkokoteni, mguu kwenye plasta. Karani akasoma ile karatasi yangu: kwamba mimi, rafiki yake, niliona kwa macho Ouko akiteremka peke yake, kwa mbio, baiskeli bila breki, akikaidi amri na kuharibu barabara ya serikali. Kosa likithibitika anapelekwa korti mjini. Kufungwa, na mguu ule.

Nikasimama nikasema hayo si maneno yangu, afande alikuwa amebebwa.

"Hii sahihi ni ya nani?" naibu chifu akauliza.

"Ni yangu, Mzee, lakini—"

"Kaa chini."

Askari akasimama, amenyoosha nguo zake, akasema siku hiyo alishuka kwa miguu. Hata hakuona ajali.

Nikamwangalia Ouko. Alikuwa anaangalia plasta yake.

Ndipo Dani Turfosa akainua mkono. Naibu chifu akamwambia, "Mama, ngoja, hii ni kesi."

"Hata mimi nina kesi. Nataka kuku wangu."

Watu wakaanza kucheka.

"Kuku gani, Mama?"

"Huyu mwenye kofia alirushwa na baiskeli akavuka ua wangu, akatua juu ya kuku wangu. Kuku wa mayai! Hata pole hakusema. Amefunga kamba ya kiatu, akaenda. Wewe umenizuilia kuni, yeye ameniulia kuku. Nipike nini, na nipikie nini?"

Askari akaruka, uso umebadilika. "Uongo! Hiyo kuku nilikuta imeshakufa!"

Baraza likalipuka kwa kicheko. Kuna mzee alianguka kwenye benchi. Mwenye kuuza samaki akapiga kelele, "Ulikuta ukitembea kwa miguu, afande? Kwenye boma la Mama ulikuwa unafuata nini?"

Naibu chifu alikunja karatasi yangu, akaitia mfukoni, akasema kesi imekwisha, watu warudi nyumbani.

Hivyo tu. Hakuna pole. Hakuna kuku.

Na waziri hakuja. Mvua kubwa ilinyesha mara mbili, murram yote ikaingia ndani ya bwawa. Askari akahamishwa, nasikia alipandishwa cheo. Mguu wa Ouko ulishika ukiwa umepinda, akawa anakanyaga cherehani na mguu mmoja, polepole, na wateja wa haraka wakaenda kwa mafundi wengine. Yeye na mlima walikuwa wamemalizana. Huo mguu ulilipia amri ya mtu ambaye hata jina lake watoto wa siku hizi hawalijui, na mimi mpaka leo nikikumbuka nakosa usingizi.

Jioni ile ya baraza nilisukuma mkokoteni kumrudisha nyumbani. Sikujua nianzie wapi. Tulikwenda mpaka karibu na Mamboleo, mimi nikikwepa mashimo tu.

Halafu Ouko akasema, bila kugeuka, "Sahihi yako ni nzuri, omera. Hata pale nilipokaa niliiona."

Akaanza kucheka. Na mimi nikacheka. Halafu nikasimamisha mkokoteni kando ya barabara, nikalia kama mtoto, na yeye akangoja nimalize.

Nilichojifunza ni hiki: usiogope kusema sielewi. Aibu ya dakika moja ingemwokoa rafiki yangu na kesi ile. Na mkisikia mzee alivunjika mguu, ulizeni kwanza nani alikuwa amekaa nyuma.

Wenye kujua kuburuta matawi, wa Nandi, Maragoli, Kisii, njooni mseme. Na kama kuna mtu babu yake alikuwa askari kanga upande ule, njoo pia, sina ugomvi na wewe. Lakini kuku tunadai.