Suruali ya Baba Mkwe Iliyoondoka na Mto

Mtaa mzima umeshaniona nimelala kwenye tope na koti la mume wangu limenifunika kichwa, huku baba mkwe amenikamata kwa bakora na yeye mwenyewe anatazama mawingu, kwa hiyo sina tena aibu ya kuficha, na ni afadhali niwasimulie mwenyewe kabla Mama Lusajo hajaifikisha habari hii Chimala ikiwa imeongezwa chumvi.

Nianze na mimi ni nani, msije mkapotea njiani. Mimi ni Mhehe wa Iringa, nimeolewa na Mnyakyusa, tunaishi Mbalizi karibu kabisa na mto, karibu kiasi kwamba mvua ikikolea tunausikia tukiwa tunakula. Mtaani wananiita Redio. Sikujipa jina hilo, ila sikatai kwamba habari ya mtaa huu hainipiti, na nikiipata siinyimi sauti.

Kwa watu wa mume wangu, mkamwana haonani na baba mkwe. Si chuki, ni heshima. Akishika njia hii wewe unashika ile, na mkikutana ghafla unajifunika uso, unachuchumaa, unatazama pembeni mpaka apite, na yeye naye hatakiwi kukuangalia. Wengi wa mjini siku hizi wamelegeza, wanasalimiana vizuri tu na kula meza moja, lakini baba mkwe wangu ni wa Tukuyu ndani kabisa, mzee wa kanisa na mzee wa mila kwa pamoja, na mimi niliyetoka nje nilikuwa na bidii kuliko wenyewe (mnamjua mtu aliyehamia dhehebu jipya anavyoimba kwa nguvu kuliko waliozaliwa humo). Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumwona uso. Nilikuwa naujua mgongo wake tu, kofia yake, na kikohozi chake.

Mama mkwe alipofariki, mzee akabaki peke yake kule milimani. Mume wangu alimbembeleza aje akae nasi moja kwa moja, akakataa, akabembelezwa tena, mwishoni akasema atakuja wiki moja kutuangalia, halafu ataamua. Usiku kabla hajafika, mume wangu aliniambia, "Mama Atu, safari hii ikishindikana hatakuja tena. Atabaki kule na nyumba kubwa na baridi yake." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hajapata kuona mkamwana kama mimi.

Na kweli hakuwa amepata kuona. Nyumba yetu ina mlango mmoja, na mzee alipenda kukaa na kiti chake hapohapo mlangoni apate mwanga. Basi mimi nikahamia jiko la nje. Chakula kilipelekwa na binti yangu Atu akitoka shule. Mzee akikohoa, nakimbia. Kiti kikilia, nakimbia. Siku moja alikohoa akiwa njiani kuelekea chooni na mimi nilikuwa natokea huko, nikaruka uzio nikatua kwenye matuta ya mboga za chainizi ya Mama Lusajo, jirani yangu, naye ni Mnyakyusa wa kuzaliwa, akasema, "We Mama Atu, hata bibi yangu hakuwa anaruka uzio." Nikamwambia bibi yake hakuwa na mkwe wa majaribio.

Sasa, siku yenyewe. Asubuhi niliamua kumfulia mzee suruali yake ya suti, ile ya kijivu aliyosafiri nayo, maana ilipata tope siku aliposhuka kwenye basi. Suruali nyingine aliyokuwa nayo ni moja ya kushindia, yenye kiraka gotini. Nikaenda nayo mtoni, pale juu kwenye mawe tunapofulia wanawake, nikailoweka peke yake kwenye beseni langu la bluu isije ikachukua rangi za nguo nyingine. Mvua ikaanza. Nikaliacha beseni juu ya jiwe la mwisho kabisa, ambalo tangu nihamie hapa sijaona maji yakilifikia, nikakimbia nyumbani kuangalia maharage.

Haikuwa mvua ya kawaida. Ilinyesha mpaka mchana, ikapungua ikabaki manyunyu, na hapo ndipo nikasikia kelele kutoka bondeni: "Mto umejaa! Njooni muone!"

Kama hujakaa karibu na mto wa huku, pengine hujui raha hii. Mto ukijaa, watu hawajifungii ndani. Wanakwenda kuutazama. Nyuma ya mashine ya kusaga kuna mteremko wa udongo mwekundu unaoelekea majini, na watu wanajipanga pale juu na miavuli na mifuko ya mbolea kichwani, wanangoja vitu vipite, na atakayekuwa wa kwanza kutangaza kinachokuja ndiye bingwa wa siku hiyo. Hakuna anayefanya hivyo kwa ubaya. Kinachopita kikiwa cha kuumiza, watu wananyamaza wote. Lakini mara nyingi ni maboga, magogo, ndala moja moja, na ule mlango wa choo ambao kila mwaka ni wa mtu mwingine.

Na mimi Redio niko jikoni na maharage!

Hapa ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioniponza. Nilichungulia, kiti cha mzee mlangoni kilikuwa kitupu. Nikajiambia amelala, au pengine naye ameteremka mtoni, na akiniona huko itakuwa balaa. Basi nikachukua koti la mvua la mume wangu, refu la kijani lenye kofia, nikavaa na mabuti yake (mimi ni mrefu sawa na mume wangu, jambo ambalo halikumfurahisha alipolitambua), nikavuta kofia mpaka puani. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: mzee akiniona kwa mbali ataona mwanaume tu.

Nilipofika, raha ilikuwa imepamba moto.

"Kile kinachokuja ni nini?"

"Banda la kuku!"

"Banda gani? Huo ni mlango wa choo!"

"Wa nani?"

"Mwenyewe atajitokeza akibanwa!"

Watu wakacheka mpaka miavuli ikatikisika. Nikabana midomo kwa nguvu nisitangaze chochote, nikasogea pembeni peke yangu, na ndipo nikasikia kikohozi. Si mbali. Begani kwangu.

"Amba," sauti ikasema, "leo umerudi mapema."

Amba ni mume wangu, Ambakisye. Mkono wa mzee ukatua juu ya bega la koti, ukatulia hapo. Sikuweza kukimbia, maana mtoto hamkimbii baba yake, na sikuweza kujifunika, maana nilikuwa nimeshajifunika. Nikakohoa kwa sauti nzito.

"Usijibu, umeshashikwa na mafua," akasema. Alikuwa anaongea Kinyakyusa, ambacho nakielewa chote ila kukisema ndiyo shida. "Mkeo yuko wapi?"

Nikanyoosha kidole kuelekea nyumbani.

"Amejificha," akasema. "Mwanangu, yule mtoto wa watu ataumia. Juzi nilikohoa kidogo tu, nikasikia kishindo, ameruka uzio. Tangu siku ile nikiwa nyumbani sikohoi. Nalala na kikohozi kifuani, naogopa atavunjika mguu."

Nikatazama maji. Boga likapita. Sikuliona vizuri.

"Mchuzi wake una chumvi, lakini usimwambie, nimeshauzoea. Nilichotaka kukwambia ni kwamba Jumamosi naondoka. Si kwa ubaya. Nyumba yenu ina mlango mmoja na mimi nimeukalia. Mtoto wa watu anaishi jikoni kwenye moshi kama samaki wa kubanika. Acha nirudi kwangu, naye arudi kwenye nyumba yake."

Wiki nzima nilikuwa nakimbia ili mzee abaki, kumbe kukimbia kwangu ndiko kulikokuwa kunamfukuza! Nilitaka kusema neno moja tu, baba, usiondoke, na neno lenyewe ndilo lililokuwa marufuku.

"Kitu kimoja nitakikosa," akaendelea, na sauti yake ikashuka. "Sauti yake. Asubuhi anavyowasimulia wenzake habari za mtaa uani, mimi nakaa pale mlangoni nasikiliza. Mwanga ni kisingizio. Kule kwangu tangu mama yenu aondoke hakuna anayeongea."

Nadhani ningelia, na ningelia kwa sauti, kama watu wasingeanza kupiga kelele wakati uleule.

"Beseni! Beseni linakuja!"

Nikageuka. Beseni la bluu lilikuwa linakuja katikati ya mto, limesimama vizuri kabisa, linazunguka polepole kama bibi harusi anayeonyesha gauni, na mguu mmoja wa suruali ya kijivu umening'inia nje.

"Jamani, kuna mtu ndani!" Mama Lusajo akapiga ukunga.

"Hakuna mtu, ni suruali!"

"Suruali inasafiri bila mwenyewe!"

Watu wakashangilia, wakapiga makofi, na hapo ndipo Redio ilipojiwasha. Nilisahau koti, nikasahau mabuti, nikasahau mkono uliokuwa begani. Nikapaza sauti ileile ya uani kila asubuhi: "Jamani, suruali ya baba mkwe! Ishikeni! Suruali ya suti ya baba mkwe!"

Mtaa mzima ukanigeukia. Mkono begani ukawa mzito kama tofali.

Nikageuka, naye akageuka, na kwa mara ya kwanza tukaonana uso kwa uso. Ana kidevu cha mume wangu. Hilo tu ndilo nililopata nafasi ya kuliona. Kilichofuata kilifanywa na mwili wenyewe bila kuniuliza: nikavuta kofia ya koti kufunika uso na nikachuchumaa, kama mila inavyotaka, kwa haraka na kwa adabu zote.

Ila nilichuchumaa juu ya mteremko wa udongo mwekundu uliolowa, nikiwa na mabuti yaliyonizidi.

Nikaondoka. Sikuanguka, niliondoka, nimechuchumaa vilevile, nimejifunika vilevile, nateremka kuelekea mtoni kama mtu aliyeketi kwenye bembea ya kuteleza, nikasikia watu wanapiga kelele "Mama Atu! Mama Atu!" (kwa hiyo nao walikuwa wamenitambua), nikalala chali, nikageuka kifudifudi, na kabla sijafika majini kitu kikaninasa mkanda wa koti kwa nyuma. Ilikuwa bakora ya mzee, upande ule uliopinda. Alikuwa ameteremka nyuma yangu, ameshika kichaka kwa mkono mmoja, bakora kwa mkono mwingine, na uso ameuelekeza mbinguni.

"Nimeshika wapi?" akauliza kwa sauti kubwa. "Niambieni nimeshika wapi, mimi simtazami!"

"Mkanda, baba!" Mama Lusajo akajibu, kicheko kimeshaanza kumshinda. "Vuta!"

"Nivute huku?"

"Hapana, baba, huko kuna miiba! Kushoto! Mama Atu, shika majani wewe!"

"Siwezi!" nikapiga kelele toka ndani ya koti. "Nimejifunika!"

Basi nikavutwa hivyohivyo, mvutaji haoni na anayevutwa haoni, tunaongozwa na Mama Lusajo kama lori linalorudi nyuma, na niliambiwa baadaye kwamba hakuna aliyekuwa anatazama mto tena. Walipokumbuka kugeuka, beseni lilikuwa limepita chini ya daraja na suruali yake, na hatukuliona tena.

Na juu ya vicheko vya watu wote nikasikia kimoja nisichokijua, kikavu, kinachokatikakatika kama injini iliyolala muda mrefu. Alikuwa mzee. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akamaliza kile kikohozi alichokifungia kifuani, na mimi kwa mara ya kwanza sikukimbia. Nisingeweza. Mabuti yalikuwa yamejaa tope.

Jioni mume wangu alirudi, akapewa pole na kila mtu njiani bila kujua ya nini. Alipomaliza kucheka akaitwa sebuleni. Mzee akaongea kwa sauti ya kunifikia jikoni, tena safari hii kwa Kiswahili.

"Amba, mwambie mkeo Jumamosi siondoki."

"Kwa nini, baba?"

"Kwa suruali gani? Mzee wa kanisa hapandi basi na kiraka. Nitangoja. Siku mto ukiirudisha ile suruali, siku hiyo nitaondoka."

Nikaliinamia jiko, nikasingizia moshi.

Wazee wa ukoo walipigiwa simu kuhusu kule kuonana, wakasema kuna kuku wa kuliondoa jambo hilo. Akachinjwa, tukamla, kila mtu upande wake. Mume wangu akamwita fundi akatoboa mlango wa pili. Amemnunulia baba yake suruali mpya ya kijivu, mzee akaipapasa, akasema kitambaa ni kizuri ila siyo ile, akaikunja akaiweka sandukuni. Mvua zimeisha, zimeanza tena, na bado yupo.

Koti la mume wangu sitalivaa tena maishani, na mbele yenu nyote naapa kwamba sitachuchumaa kwenye udongo mwekundu hata aje mkwe wa nani. Lakini mto ukijaa tunateremka. Mzee anasimama kushoto, mimi nimejitanda kitenge kulia, Mama Lusajo katikati.

"Mwambie mkamwana wangu," anasema, "kuna kitu cha bluu kinakuja."

"Mwambie baba," najibu haraka, "ni ndoo tu."

"Haya," anasema. "Tungoje."