Siku Niliyohitimu Sheria Kabla ya Kujiunga

Nilikuwa nimeapa hili sitalisimulia, lakini majirani zangu wa Miyuji wanalisimulia na kulitia chumvi, kwa hiyo bora mlisikie kwangu mwenyewe niliyeaibika.

Mjue kwanza kwamba nina hasira. Nilikwenda baraza la kata kudai baba wa mwanangu amtunze mtoto wake, mwenyekiti akanisikiliza huku anachokonoa meno, akaniambia, "Binti, kama unajua sheria kuliko sisi, kasome." Nikasema sawa, nitasoma. Cheti cha kidato cha nne ninacho, na chuo kimoja hapa Dodoma kilikuwa kinapokea maombi ya astashahada ya sheria, mwisho saa nane mchana, siku ileile ambayo shule yao ya sheria ilikuwa inasherehekea kuanzishwa kwake. Nikamfunga Salma mgongoni (ana miezi minane na sauti ya mpiga debe), nikavaa sketi nyeusi na shati jeupe, yaani sare yangu ya kuhudumia mezani hotelini, maana ndiyo nguo pekee iliyokuwa imepigwa pasi.

Kumbe wanasheria nao huvaa hivyohivyo.

Foleni ya waombaji ilikuwa juani, na jua la Dodoma mnalijua, upande wa pili kuna hema lenye feni na maji ya baridi, na mlangoni dada wa mapokezi akaitazama sare yangu, akatazama orodha yake, akauliza, "Msomi, wewe ndiye Wakili Rehema?"

Mtoto analia. Nikasema ndiyo. Neno moja tu, akanibandika beji kifuani, nikapewa kiti cha mbele.

Nilijiambia nitapoa dakika kumi kisha nitoke. Ndipo Mkuu wa shule akaanza kusoma historia. Akaanzia kwenye stoo ya viti walimofundishia mwanzoni, akaja paa lililoezuliwa na upepo, akaja mkuu wa kwanza, wa pili, wa tatu, akashukia kozi: astashahada, stashahada, shahada, uzamili, uzamivu, kila moja na umuhimu wake kwa taifa, na namna ya kujaza fomu hakuigusa hata kwa bahati mbaya. Kutoka ni lazima nipite mbele yake, nikaona aibu (aibu, mimi), nikabaki.

Mara mshereheshaji akasema kila darasa litoe mtu mmoja asimulie walivyosoma. Darasa la Rehema nilikuwa peke yangu.

"La walioanzia stoo," akanong'ona mzee wa pembeni yangu. "Umejitunza sana, msomi."

Nikashika kipaza sauti. "Viti vilituangukia vichwani," nikasema, "lakini hatukukata tamaa." Makofi. Makofi yale yakanilevya, nikaendelea, nikasema nilikuwa naingia darasani na mtoto mgongoni, mwalimu anafundisha mirathi mimi nanyonyesha, na mwisho wa yote nikahitimu wa kwanza. Watu wakasimama.

Mlangoni alikuwepo mama mmoja wa makamo, suti nyeusi iliyomkaa vizuri, na kando yake yule dada wa mapokezi amejishika kichwa. Mama akasema taratibu, "Endelea, msomi. Rehema ni mimi, nataka kujua nilimalizaje."

Hema zima likaangua kicheko. Mkuu wa shule alicheka mpaka akavua miwani. Salma, aliyelala historia nzima, akaamka naye akacheka (huyu nitamkumbusha akikua).

Nikaibandua ile beji kifuani, nikamkabidhi mwenyewe, nikasema, "Shikamoo, mama," maana sikujua sheria inataka useme nini hapo. Kisha mbio mpaka dirisha la maombi. Saa nane na dakika tano, karani anafunga kufuli.

"Foleni tuliihamishia kivulini muda mrefu, dada, wote wameshahudumiwa. Ulikuwa wapi?"

Nilikuwa wapi. Nilikuwa nahitimu.

Sasa nasubiri mwaka mzima, Salma bado hajatunzwa na baba yake, na mwenyekiti wa baraza habari imemfikia, kila nikipita ananiita msomi. Aendelee tu. Mwakani nitasimama juani na mwavuli wangu tangu alfajiri, na atakayeniuliza jina nitamtajia langu, la baba na la babu, hata kama humo hemani wanagawa pilau.