Ploti Iliyotazama Barabara

Harufu ya mbao za mtarakwa zilizopasuliwa karibuni hunikosesha utulivu hadi leo. Wengine huisikia wakavuta pumzi ndefu na kusema ni harufu nzuri. Mimi huanza kuangalia mlango uko wapi. Baba yangu alikuwa seremala katika shamba la mzungu mmoja upande wa Saboti, na kila jioni harufu hiyo iliingia nyumbani kabla yake, imeshika kwenye koti lake, kwenye nywele, hata kwenye tonge la ugali alilonimegea. Ilipozidi kuliko kawaida tulijua kwamba siku hiyo hakutengeneza milango ya ghala ya mzungu tu. Alikuwa amebaki nyuma ya karakana akipiga randa mbao zake mwenyewe, za nyumba ambayo haikuwapo popote isipokuwa kichwani mwake.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, nami sikuwa nimeng'oka meno yote ya utoto. Tulikuwa maskwota, yaani Baba alimfanyia mzungu kazi, naye akaturuhusu kujenga nyumba ya nyasi, kulima kipande na kufuga ng'ombe wachache. Kitale ilikuwa karibu, lakini mtu mweusi hakuweza kununua pale hata pa kuegesha baiskeli. Tuliingia mjini kuuza kuku na kutoka. Mama hilo halikumsumbua. Alikuwa na mahindi yake, kunde zake na mrenda wake kando ya kijito, na udongo wa pale aliujua kama anavyojua mgongo wa mtoto anayemwogesha. Baba ndiye aliyekuwa hatulii. Baada ya chakula alitoka, akasimama mwisho wa shamba akiutazama mlima wa Elgon, akarudi, akatoka tena. Alikuwa akisema kwamba mzungu akiamka vibaya siku moja, sisi tutalala njiani. Mama alikuwa akimjibu kwamba mzungu ameamka vibaya kila siku tangu waoane, na bado wanakula.

Ng'ambo ya mashamba ya wazungu, upande wa Bungoma, kulikuwa na mji mdogo mlimani ambao sitautaja, kwa kuwa wenye ploti pale hawajaacha kugombana. Waafrika waliruhusiwa kupata ploti katika soko lake. Baba alikwenda huko akisingizia kumwona mgonjwa, na aliporudi alikuwa amekwisha kuwa na ploti. Hakumwambia Mama. Mama aliligundua jambo hilo jioni ng'ombe waliporejea, alipotafuta mitamba wawili aliowalea kwa mikono yake asiwaone. Alimuuliza mara moja tu, Baba akamweleza mara moja tu, kisha Mama akaenda kukamua ng'ombe waliobaki. Sharti la kamati ya soko lilikuwa kwamba mwenye ploti ajenge sehemu ya mbele, inayotazama barabara, kwa tofali na mabati, na iwe imekamilika kabla ya Krismasi. Asipojenga, ploti apewe mwingine. Kuanzia siku ile nilikuwa namuuliza Mama tunahama lini, naye anasema hatuhami. Namuuliza Baba, naye anasema hivi karibuni. Usiku nilikuwa nalala na gauni langu zuri chini ya kichwa, nisije nikaachwa.

Mahindi yalipoanza kubeba, Baba aliomba ruhusa kwa mzungu akisingizia mgonjwa yuleyule, akanichukua nikampikie huko anakojenga. Mama alibaki na mdogo wangu Wafula na shamba. Hakutupinga, aliendelea tu kupalilia wala hakuinua uso tulipopita. Mji ulinichanganya. Ulikuwa na barabara moja nyekundu iliyopanda kuelekea mlimani, maduka ya Wahindi, kinu cha kusaga unga kilichotetemesha ardhi, na ukungu ulioshuka mchana ukafunika kila kitu, kisha ukaondoka kama kwamba hakuna kilichotokea. Watu walipita, walipita, hawaishi kupita. Niliupenda mji ule kwa nguvu na niliuchukia kwa nguvu, na mara nyingi kwa saa ileile. Baba alikuwa akiimba nyimbo za kanisani huku akichanganya udongo. Tofali zilipanda, mlango mpana wa duka ukasimama, dirisha la kuuzia likapata kifuniko chake, na mabati yaliyotokana na wale mitamba yakatosha sawasawa kuezeka mbele. Tulilala humo dukani, juu ya vumbi la mbao, na asubuhi nilikuwa napikia barazani kwenye mawe, wapita njia wakinisalimia kwa jina langu, "Nekesa, umeamkaje?" Niliona fahari kubwa kujulikana na watu nisiowajua.

Mama alikuja siku ya soko, Wafula mgongoni na mzigo kichwani: sufuria, mwiko, unga, mbegu za kunde ndani ya kitambaa. Baba aliona mzigo ule akafurahi mno, maana mtu aliyekuja kutembea tu hachukui mwiko. Alimwonyesha mlango, akamwonyesha dirisha, akampitisha mkono juu ya kaunta aliyoipiga randa mpaka ikateleza. Mama alitazama vyote kwa adabu. Kisha akazunguka nyuma, akakuta magugu na kichaka. Akarudi mbele na mzigo bado uko kichwani, akauliza jiko liko wapi. Baba alinyoosha kidole kwenye mawe yangu pale barazani.

"Baba Nekesa," Mama alisema, sauti yake ya chini kabisa, "baba yako anapita hapa siku ya soko na wazee wenzake. Anikute nimeinama kwa sufuria, barabara nzima ikiangalia? Hapa umejenga duka. Mimi nitakaa wapi?"

Anayetujua sisi watu wa Bungoma hahitaji kuelezwa zaidi. Mke wa mtu hainami mbele ya baba mkwe, wala hali chakula mbele yake, na hata njia moja wakikutana mmoja hupisha. Baba alilijua hilo tangu akinyonya. Lakini alikuwa amefikiria kamati, akafikiria wateja, akafikiria mvua na wezi na bei ya misumari, na katika kufikiria kote huko hakumfikiria mtu aliyetaka kuishi naye humo. Alisema jiko litajengwa mwakani. Mama alisema basi na yeye atakuja mwakani, akageuka na mzigo wake. Nilimkimbilia hadi mtoni nikilia na kumshika leso. Aliniambia, "Rudi. Mtu mmoja akae na baba yako, atakula mbichi." Sikuona kwamba ni mzaha mpaka nilipokuwa mtu mzima, na hata sasa sina hakika.

Baada ya hapo Baba hakuimba tena. Kazi ya duka ilikuwa imebaki kidogo sana, milango ya kabati na rafu, lakini alikuwa anashika msumeno na kuuweka, anatoka nje na kurudi, anapima kwa hatua magugu ya nyuma. Nilikuwa na hasira naye. Nilikuwa na hasira na Mama pia, kwa sababu niliona kwamba kama angekubali kuinama barazani mara chache tu tungekuwa watu wa mjini kama wengine. Halafu turniboi, utingo wa lori la mahindi, akatuletea habari. Mzungu alikuwa amesikia kwamba fundi wake anajenga kwingine, akamwambia Mama avune na aondoke. Mama hakusema atakuja kwetu. Alisema akimaliza kuvuna atakwenda kwa ndugu zake. Turniboi alilisema hilo huku akitafuna muwa, hakujua uzito wake. Baba aliketi palepale kwenye kaunta. Mwanamke akirudi kwa ndugu zake na watoto na sufuria, wazee wataitana, watazungumza habari za ng'ombe wa mahari, na baada ya hapo hakuna aliye na uhakika wa kitu. Mimi niliwaza tu nitakuwa mtoto wa wapi.

Kesho yake niliamshwa na kelele juu ya kichwa changu. Baba alikuwa paani anang'oa misumari. Aliyashusha mabati moja moja kutoka mbele ya duka, akayalaza nyuma, akaanza kufyeka kile kichaka. Jirani yetu muuza chai alitoka na birika mkononi akamwambia kwamba Krismasi iko mlangoni, kamati inakuja, na hakuna kamati itakayoenda nyuma kutafuta paa. "Ati fundi, unavua nyumba kofia?" alisema. Baba alimwambia anajua. Hakuwa na fedha za mabati mengine, na paa la nyasi lilikatazwa sokoni kwa hofu ya moto. Hayo jirani aliyajua, mimi niliyajua, mji mzima uliyajua. Alisimamisha nguzo, nikamkandia udongo kwa miguu, akaacha tundu la moshi upande ambao upepo wa mlimani hautokei. Mlango wa jiko aliuelekeza kwenye mto, na kati yake na barabara akapandisha ukuta mrefu kuliko yeye. Mara mbili alijigonga kidole.

Ilipokamilika alikwenda kumchukua Mama mwenyewe. Sijui walizungumza nini huko shambani, hawakutuambia kamwe. Ninajua tu kwamba jioni moja niliwaona wakipanda ile barabara, Baba akiwa amembeba Wafula mabegani, jambo ambalo wanaume wa wakati ule hawakulifanya mbele za watu. Mama hakupita mbele ya duka. Alizunguka moja kwa moja nyuma, akaingia jikoni, akapapasa ukuta, akainama pale moto utakapokuwa na kugeuza uso kuitafuta barabara. Hakuiona. Akatua mzigo. Akanituma maji mtoni, na mimi nilikimbia mpaka nikamwaga nusu.

Kamati ilikuja kama muuza chai alivyosema, wakakuta duka zuri la tofali ambalo juu yake ni mawingu. Sharti ni sharti, na sikumbuki kwamba walikuwa watu wabaya. Waliikata ploti katikati. Sehemu ya mbele, na kuta zake na kaunta yake iliyoteleza, ilipewa mfanyabiashara aliyekuwa na mabati tayari. Naye alimlipa Baba thamani ya tofali, si ya jasho. Sisi tulibaki na nyuma, tukiingia kwa kichochoro kando ya duka ambalo lingekuwa letu. Kichochoro kilikuwa chembamba hata kitanda hakikupita, kwa hiyo Baba, ambaye sasa alikuwa fundi wa vitanda, aliishia kuvitengeneza vipande vipande na kuvipigia misumari kwenye nyumba za wateja. Shuleni tuliitwa watoto wa nyuma. Nililionea jina hilo uchungu kwa miaka mingi, na kila nilipopita mlango ule wa mbele niligeuza uso. Mama aliwahi kumwambia Baba, mbele yangu, kwamba yeye Mama ndiye aliyempotezea barabara. Baba alikuwa anakula. Alimjibu kwamba barabara haipiki, akaomba aongezewe mboga. Mama alipika katika jiko lile mpaka nywele zake zikawa nyeupe, na baba mkwe wake alikufa bila kumwona akiinama.

Mimi nilirithi miguu ya Baba. Nimekaa Bungoma, nimekaa Kitale mitaa kadhaa, sasa niko Kibomet, na majirani wananicheka kwamba nikimaliza kupaka nyumba rangi naanza kutafuta nyingine. Pale Kitale ambapo hatukuweza kununua pa kusimama, siku hizi ardhi inauzwa kama nyanya. Vijana wenye viatu vilivyochongoka hukusimamisha barabarani wakuonyeshe ploti kwenye simu: iko karibu na lami, stima ipo, unaona mlima kutoka kitandani. Watu hununua kwa picha, wakaonyeshana mawe ya mipaka. Ninafurahi kwamba tunanunua, nisiseme uongo. Baba angelia kwa furaha. Lakini ninaposikia watu wakisifu ploti, huwa najikuta nasubiri waseme nani atakaa humo, na mara nyingi hawafiki hapo.

Wiki iliyopita mjukuu wangu alinipigia simu usiku, sauti yake imejaa kicheko. "Kukhu, nimepata ploti Saboti. Iko kwa barabara kabisa, nalipa kesho."

Nilimuuliza kama mke wake ameiona.

"Bado. Nataka tu nimsapraizi, bana."

Nilimwambia asilipe hata shilingi moja mpaka nimpeleke mke wake akaione mwenyewe, kisha nikakata simu, nikaanza kutafuta viatu vyangu.