Akina Mama Kulwa wa Geita

Ndugu zangu, nayaungama mwenyewe ya Jumamosi kabla hamjayasikia kwa wengine. Kulwa, binti wa Mzee Masanja, alikuwa akiagwa kwenda kuolewa. Mzee aliniomba nionyeshe ukutani picha za marehemu mkewe, alizopigwa miaka mingi kwenye studio yetu hapa Geita.

"Fundi, mwanangu aondoke amemwona mama yake."

Kompyuta yetu imejaa picha za wateja. Kwa uvivu na maringo niliandika "Mama Kulwa", nikaweka alama ya nyota mwishoni, yaani niletewe kila faili linaloanza hivyo. Zikaja nyingi, nami sikuzikagua. Nimetangatanga kutoka Songwa hadi Chato, lakini nilisahau kwamba Usukumani pacha wa kwanza huitwa Kulwa, na mama wa mapacha ni Mama Kulwa.

Picha ya kwanza, marehemu anacheka. Kulwa akalia. Ya pili, mama mnene mwenye miwani. Ya tatu, mwingine kabisa, amepanda pikipiki.

"Baba," Kulwa akauliza, kilio kikigeuka kicheko, "kumbe nina mama wangapi?"

Mzee akanigeukia, akifuta macho. "Fundi, simama uwatambulishe hawa wake zangu."