Nilimpeleka nyoka wetu kuombewa permit, nikarudi na debe tupu

Wakuu, habari zenu. Mnivumilie kwa maneno nitakayoandika vibaya. Niliachia shule darasa la nane, naandika kwa kidole kimoja, na hata mbele ya watu mimi si wa kuongea sana. Lakini haya yalitokea kweli, na yamenikaa kifuani.

Naishi na nyanya yangu, tunamwita kogo, upande wa Roret. Tunachuna majani chai.

Wiki moja baada ya kumzika baba, nyoka aliingia jikoni. Rangi ya udongo, mrefu kama mkono wangu. Nikachukua jembe.

"Weka chini!" kogo akasema. "Unataka kumpiga baba yako?"

Kwa wasiojua, wazee wetu wanaamini nyoka akiingia nyumbani bila fujo, huenda ni mtu wenu aliyekufa amekuja kuwaona. Hapigwi. Anamwagiwa maziwa, mlango unaachwa wazi, anaondoka akitaka. Sisi ni watu wa kanisa, lakini kogo alimwaga maziwa.

Hapo ndipo nilikosea. Kogo alipoenda kukamua, nilifunga mlango. Nikamfunika na karai, nikamtia kwenye debe la plastiki, nikatoboa kifuniko matundu.

Kogo aliporudi aliniangalia sana.

"Mgeni hafungiwi," alisema.

Lakini hakunilazimisha. Nafikiri na yeye alitaka akae kidogo.

Alikaa wiki sita. Nilimpa maziwa, hakunywa. Nilimpa omena, vile visamaki vikavu, akageuza kichwa. Jioni nikitoka shambani nilikaa karibu na debe, nikamwambia mambo ya siku. Sijawahi kumwambia mtu mambo mengi hivyo.

Halafu jamaa mmoja kwenye buying centre, tukipima majani, akaniambia, "Wewe utafungwa! Nyoka ni ya serikali. Lazima uwe na permit."

Mwingine akadakia, "Na apeleke passport photo ya nyoka!"

Walicheka. Mimi niliamini karatasi itamaliza mambo.

Kesho yake, ukungu bado umelala kwenye chai, nilipanda boda kwenda mjini.

"Umebeba nini?" mwenye boda akauliza.

"Kuku."

"Kuku gani hii hailii?"

Nikalikumbatia debe mpaka Kericho.

Kwenye ofisi ya wanyamapori nilimpata afisa mmoja mama. Nikamwambia nimekuja kumwombea huyu permit. Akafungua debe.

"Kijana wangu," akasema, "permit inaombwa kabla ya kuwa na mnyama. Na lazima tukague mahali atakaa. Huwezi kushika wa porini tu ukamweka nyumbani. Hata akiingia kwako mwenyewe, si wako. Ungetupigia simu, tukuje."

Nikauliza kama nitafungwa.

"Umekuja mwenyewe. Nitaandika tu kwamba umemleta." Kisha akaingiza mkono, akamgusa. "Hii ni nyoka ya nyumba, haina sumu. Inakula panya. Ulikuwa unaipea nini?"

"Maziwa."

Hakunicheka. Alimshika muda, akamlaza polepole juu ya gazeti.

"Imekufa, kijana wangu. Imekonda sana. Halafu na hii baridi ya barabara."

Walibaki naye. Nilipewa debe.

Njiani nilipanga kumdanganya kogo kwamba wamemwachilia msituni. Nilipomwona mlangoni nikashindwa, nikamwambia amekufa.

Niwaambie kitu. Baba alikuwa anafanya kazi mbali, anakuja mara moja kwa mwaka. Nikiwa mdogo nilikuwa naficha viatu vyake ili asiende. Kogo ndiye alikuwa ananiambia, toa viatu vya baba yako, mwache aende, ndio aweze kurudi.

Siku hiyo alichukua kibuyu, akamwaga maziwa kidogo kwenye kizingiti, akaacha mlango wazi. Baridi ikaingia yote. Tulikula ugali tumevaa makoti, na hakuna aliyeinuka kuufunga.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Mnyama wa porini akija kwako, uliza kabla hujamshika, kwa sababu permit haisafishi kosa ambalo tayari umefanya. Na aliyekuja kukusalimia, mwachie njia.

Naomba mniandikie, hata kama ni kunigombeza. Kuna mtu hapa nyoka aliingia kwake, akaondoka mwenyewe, halafu siku nyingine akarudi? Nasoma polepole lakini nitasoma yote. Kogo kila jioni ananiuliza kama mmejibu.