Nyota Niliyompimia Bibi Macho

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru na mitumba ikafurika Mwanza, nilijipatia darubini ya macho mawili kwenye rundo la makoti. Kila jioni baada ya kula nilipanda juu ya jiwe nyuma ya nyumba yetu, Ilemela, nikatazama mbingu. Mwezi wa kumi na mbili nikagundua, chini ya zile nyota tatu zilizojipanga mstari, kinyota hafifu chekundu kama kaa la moto. Nikakipenda sana. Shule zilipofunguliwa, kusahihisha madaftari kukanimaliza, sikupanda tena.

Bibi, mzaa baba, alikuwa anakaa kwetu kwa sababu ya mtoto wa jicho. Alikuwa anataka kurudi kwake Nansio, kwenye mihogo yake, na Baba alikataa katakata mpaka aone vizuri. Mwezi wa tatu akapasuliwa hospitali ya Sengerema. Aliporudi, Baba akaniachia mimi, msomi wa nyumba, nimpime.

Bibi hakujua kusoma, kwa hiyo herufi zisingefaa. Nikamkalisha juu ya jiwe, nikamwelekezea darubini.

"Shikamoo Bibi, unaona nyota nyekundu?"

"Marahaba, mume wangu. Naona nne nyeupe, ndogondogo. Nyekundu hakuna."

"Tazama vizuri."

"Nimetazama. Hakuna!"

Nikashuka nikamwambia Baba kwamba bado. Na niseme ukweli: nilifurahi. Nyumba ile bila utani wa Bibi ingekuwa kama msiba.

"Hebu njoo utazame wewe, mwenye macho ya serikali!" Bibi alifoka kutoka juu.

Nikapanda kwa hasira. Zile nne nyeupe nikazikuta palepale. Nyekundu, wapi! Nikafuta vioo kwa shati, nikatafuta tena mpaka shingo ikauma.

Kesho yake mwalimu mwenzangu wa sayansi alinicheka. Kumbe kuna nyota kubwa, zilizozeeka, ambazo huvimba na kusinyaa. Zinafifia miezi kadhaa, kisha zinarudi. Nikaenda kwa Baba kujishtaki, aibu imenijaa. Bibi alicheka huku kashika mbavu.

"Mwanaume huyu! Kanifungia ndani kwa shahidi mtoro!"

Jumatatu nikambebea mzigo mpaka kwenye meli ya Nansio. Kwenye ngazi nilimshika mkono. Akauondoa taratibu.

"Niache, mume wangu," akasema. "Ngazi naiona."