Nesi Aliyesubiri Jibu la Tabora

Eufrazia alikuwa nesi wa zahanati yetu, miaka ile ya sabini tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa tukapangwa mistari kama mahindi, njia ya kwenda Kasokola. Msidhani nakuja kumsifia. Wa kumsifia wapo wengi, waulizeni hao.

Binti wa Karema, kalelewa na masista, Kiingereza anakisoma kama mimi ninavyosali rozari. Manesi wengine wakitoka kazini wanasukana nywele. Yeye anasoma. Anaomba majarida ya madaktari kwa mapadri, kwa mwalimu wake wa unesi Tabora, kwa yeyote. Yanakuja na treni mpaka Mpanda mjini, anayafuata kwa miguu. Jioni anayatandaza mkekani, na mawe juu yasipeperuke.

Siku moja nikamwambia, "Nesi, kwenu Karema mnaanika dagaa, huku unaanika karatasi. Zikikauka tutakula?"

Akacheka. "Mama Pelagia, natafuta kujua mtoto anayehara apewe maji au anyimwe."

Maana dresa wetu, Melkior, aliyekuwa mkuu wa zahanati, sheria yake ilikuwa moja: anayehara asile, asinywe, tumbo lipumzike. Alifundishwa hivyo, na aliyemfundisha naye alifundishwa hivyo.

"Sasa hizo karatasi zinasemaje?"

"Hawa wanasema apewe maji yenye sukari na chumvi. Na hawa pia. Lakini nimechimba, nikakuta wote wameitoa habari kwenye hospitali moja. Watu wawili wakikwambia simba yuko mtoni, na wa pili kaambiwa na wa kwanza, simba kaonwa na wangapi?"

"Mmoja. Lakini mimi mtoni siendi."

Akaokota jarida jingine. "Na huyu anasema chumvi ilizidi, watoto wakapata degedege, wakafa. Wenzetu wanapima kwa mizani ndogo, sisi hatuna. Nimemwandikia mwalimu anitafutie waliopima kwa kijiko."

Mvua zikaja, na kuhara kukaja nazo. Kukaanza na mjukuu wangu, Gaudensi, mtoto wa binti yangu Pelagia. Ndiyo kwanza alikuwa amejua kukimbia, anafukuza kuku mpaka wanamchoka. Tukamfikisha zahanati, macho yameingia ndani. Dripu zimeisha. Gari la kwenda hospitali mjini limekwama kwenye tope.

"Asinywe kitu," Melkior akasema.

Mtoto analia maji. Nikamnywesha kijiko, akatapika. Melkior akaninyang'anya kikombe. "Umeona? Unataka kumuua?"

Nikamfuata Eufrazia nyuma, anachemsha sindano. "Binti, wewe umesoma. Mpe hayo maji yako."

Akaweka koleo chini. "Mama, nimesoma wanaosema apewe. Nimesoma na waliouawa na chumvi. Nikikosea kipimo ni mimi niliyemuua. Jibu la Tabora linakuja na treni ya keshokutwa."

"Na Gaudensi naye asubiri treni?"

Akawa analia, machozi yanadondokea kwenye sufuria ya sindano. Kulia kwake kunisaidie nini?

Gaudensi alikata roho kabla jogoo hajawika. Mwisho hakulia tena maji. Alikuwa anaramba midomo tu. Pelagia alimbeba mgongoni mpaka nyumbani kama vile amelala, na mimi nikamwacha ambebe.

Treni ikaja. Jibu likaja. Watu wa nchi nyingine kabisa, wamepima kwa kijiko cha kawaida, watoto wao wamepona. Nesi akaenda nalo moja kwa moja kwa Melkior. Nasikia waligombana mpaka wagonjwa wakatoka nje kusikiliza. Akashinda. Akaanza kuwafundisha kina mama kipimo, akionja yeye kwanza: yasizidi chumvi ya machozi. Anayetapika anangojewa kidogo, kisha anapewa tena, kidogo kidogo. Watoto wakapona. Hata Pelagia, alipopata mwingine, Lusia, na akahara, ni Eufrazia aliyekaa naye na kikombe mpaka maji yakamrudia mwilini, akakojoa. Pelagia humwita dada.

Mimi simwiti. Wananiambia, mama, angekosea chumvi je? Sijui. Najua alikuwa na maji, na sukari, na chumvi, na mtoto mbele yake anaramba midomo.

Alipohamishwa kurudi Karema alikuja kuniaga. Kasimama uani, hakukaribishwa kiti.

"Mama Pelagia, naondoka."

"Nimesikia."

"Sikuja kuomba msamaha."

"Afadhali, maana sina."

Akainamisha kichwa. "Ningependa kumuona Gaudensi kabla sijaondoka."

"Njia unaijua."

Akaenda makaburini peke yake. Nilimuona kwa mbali amepiga magoti kwenye tope na gauni lake jeupe, muda mrefu, mpaka mvua ikaanza. Pelagia akachukua mwavuli akamkimbilia. Mimi nilikuwa nabangua karanga za mbegu. Nikaendelea kubangua.